Nimekabidhiwa kabati la dawa za kulevya: zilizoisha muda nizimwage wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mteknolojia dawa katika hospitali ndogo ya misheni hapa Tanzania. Mfamasia wetu alihama mwezi uliopita, na katibu wa hospitali akanikabidhi funguo za kabati la DDA, yaani la dawa za kulevya zinazodhibitiwa kisheria. Nilipolifungua nilikuta ampuli 14 za pethidini zilizoisha muda, kopo la vidonge vya diazepamu lililoisha muda tangu mwaka juzi, na chupa ya mofini ya kunywa iliyobaki nusu, ambayo ndugu wa marehemu mmoja waliirudisha. Rejista inasema pethidini ziwe 16. Mganga mfawidhi anasema nimwage vyote kwenye sinki tuandike "zimeharibiwa", au tuchome kwenye shimo la nyuma ya wodi, mambo yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza usimwage kitu. Usichome kitu. Na kwenye rejista usiandike leo zaidi ya ulichokiona kwa macho yako. Dawa iliyoisha muda haina haraka: hiyo diazepamu imekaa kabatini tangu mwaka juzi, ikikaa wiki kadhaa zaidi chini ya kufuli haitamdhuru mtu. Kitakachokudhuru wewe ni ule mstari wa "zimeharibiwa" wenye sahihi moja, na sahihi yenyewe iwe yako.

Paracetamol ikiisha muda tunajiuliza jambo moja tu, tuiharibu vipi isimdhuru mtu wala maji wala udongo. Pethidini, dawa kali ya maumivu yenye kulevya, ikiisha muda kuna la pili, nalo ndilo zito: ni nani atakayeapa kwamba kweli iliharibiwa? Pethidini iliyopita tarehe yake kwa miezi miwili bado ni pethidini, na anayeitafuta kwa ulevi hasomi tarehe. Ndiyo maana njia nyepesi kuliko zote ya kuiba dawa hizi ni kuziharibu kwenye karatasi. Huvunji kufuli wala hughushi cheti cha daktari, unaandika neno moja na kutia mfukoni. Mkaguzi yeyote mwenye uzoefu analijua hilo, na rejista yenye "zimeharibiwa" bila shahidi ndiyo anayoianza kuisoma.

Tena hesabu hiyo haiishii hospitalini kwenu. Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi hupeleka makadirio ya mahitaji yake ya mofini, pethidini, fentanili na wenzake kwenye bodi ya kimataifa iliyoko Vienna, na baadaye hutoa hesabu ya ilichotumia. Ampuli yako moja imo ndani ya tarakimu hizo. Mkataba huohuo, ibara ya 34, unataka kumbukumbu zitunzwe si chini ya miaka miwili. Mimi huzitunza muda mrefu zaidi. Daftari halili ugali. Diazepamu na fenobabitoni zimo kwenye mkataba mwingine, wa 1971, ambao masharti yake ni mepesi kidogo. Ketamini, kama mnayo chumba cha upasuaji, haimo katika mikataba hiyo, lakini ninavyoona mimi kuiacha kwenye rafu ya wazi ni kujitafutia balaa.

Hapa nyumbani msimamizi wenu kwa upande wa tiba ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa, mwaka 2019. Wale wa DCEA, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, waliopata sheria yao mwaka 2015, ndio wanaopambana na biashara haramu. Ukiharibu mambo ya TMDA, unaweza kujikuta unaulizwa na wa DCEA.

Sasa tuanze na lile ulilolitaja kwa kupita, kwa sababu ndilo kubwa: rejista 16, kabati 14.

Pengo hilo halikuwa lako siku ulipopewa funguo. Kila siku inayopita ukiwa umenyamaza, linazidi kuwa lako. Leo hii, kabla ya zamu kubadilika, mwite mtu wa pili, kwa mfano muuguzi mfawidhi, mhesabu pamoja kila kilichomo kabatini, dawa kwa dawa, nguvu kwa nguvu. Kisha andika kwenye ukurasa wa pethidini, kwa wino: tarehe, "hesabu ya makabidhiano, zilizoonekana 14, rejista 16, pungufu 2", majina mawili, sahihi mbili. Usifute ile 16. Rejista ya DDA haifutwi wala haipakwi rangi nyeupe. Kosa hupigwa mstari mmoja ili lisomeke, na maelezo huandikwa pembeni. Ukurasa uliochanwa una mashaka kuliko ukurasa wenye makosa kumi.

Baada ya hapo ndipo utafute. Mara nyingi pungufu la ampuli mbili ni hesabu mbaya, si wizi. Pitia mistari ya nyuma ujumlishe na kutoa upya, kwani nimewahi kukuta hospitali ikihangaika wiki nzima kwa sababu ya mtu aliyeandika 27 toa 8 ni 21. Nenda na daftari la chumba cha upasuaji na fomu za nusukaputi: pengine usiku wa dharura walichukua ampuli mbili, mgonjwa akachomwa, mstari haukuandikwa. Ukiupata ushahidi huo, andika mstari wa marekebisho wenye namba ya faili la mgonjwa na sahihi mbili. Usipoupata, mwandikie mganga mfawidhi barua fupi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na yeye ndiye anayetakiwa kuipeleka taarifa mbele. Lililokatazwa kabisa ni kununua ampuli mbili mahali ukajazia. Ziada isiyo na risiti ni kosa sawa na pungufu, na namba ya toleo itakuumbua.

Na mnapohesabu, msitumie vidole tu. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja niliyofanya kazi, tulifungua boksi la ampuli kumi na kumi zilikuwepo. Aliyekuwa shahidi wangu, muuguzi mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, akaziinua dhidi ya dirisha. Mbili kati yake zilikuwa na kimiminika kilichopanda kuliko wenzake, na shingo zake zilikuwa na kibonge kidogo cha kioo, kama zimeyeyushwa kwa moto zikazibwa tena. Ndani mlikuwa na maji. Hatukujua ngapi za namna hiyo zilishatumika kabla ya hapo, pengine kwa mgonjwa aliyekatwa mguu akaambiwa "umeshachomwa ya maumivu, tulia". Tangu siku hiyo huwa natazama usawa wa kimiminika, rangi, mfuniko, na namba ya toleo kwenye kila ampuli dhidi ya iliyo kwenye boksi.

Chupa ya mofini ina njia yake. Hiyo haimo tena kwenye mali ya hospitali. Ilitolewa kwa mgonjwa kwa cheti, ikaandikwa kuwa imetoka, mstari wake ukafungwa. Kwa hiyo usiirudishe kwenye salio la rejista, na wala usimpe mgonjwa mwingine hata kama familia inaapa kwamba haikuguswa. Chupa iliyolala nyumbani kwa watu huwezi kujua ilikaa jua gani, au nani aliichanganya na maji. Fungua daftari jingine dogo la dawa zilizorudishwa. Pima kilichobaki kwa silinda ya kupimia, mbele ya shahidi, kisha andika tarehe, dawa na nguvu yake, mililita zilizopimwa, nani alirudisha kama inajulikana, sahihi mbili. Iweke ndani ya kabati hilohilo lakini kwenye mfuko uliofungwa, wenye maandishi makubwa kwamba imerudishwa na isitolewe.

Utaona kama ni urasimu kwa chupa moja ya msiba. Uingereza walilipia somo hilo. Daktari mmoja wa mji wa Hyde, karibu na Manchester, Harold Shipman, alikutwa na hatia mwaka 2000 ya kuwaua wagonjwa wake 15; uchunguzi wa umma uliofuata ulithibitisha waliouawa kuwa 215. Silaha yake kuu ilikuwa daimofini, nduguye mofini, na sehemu ya akiba yake aliipata kwa kuchukua mabaki ya wagonjwa wa saratani waliofariki majumbani. Nani angemuuliza? Daktari wa familia anasema "nitaenda kuziharibu", wafiwa wanashukuru. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2004 ilijaa habari za rejista, mashahidi na dawa zinazorudi. Huyo huyo mwaka 1976 alishapatikana na hatia ya kughushi vyeti ili ajipatie pethidini ya kujichoma mwenyewe. Basi ndugu wa marehemu wakileta chupa, wape pole, wakaribishe kiti, waandikie kwamba umeipokea. Na siku unapompa mgonjwa mofini kwa mara ya kwanza mwambie mwangalizi wake tangu hapo: chupa irudi, hata ikiwa tupu.

Tuje kwenye zilizoisha muda. Zitenge leo kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa, ndani ya kabati hilohilo. Usizitoe kwenye rejista bado. Watu wengi hukosea hapa: wanaandika "zimeisha muda" na kushusha salio hadi sifuri, halafu boksi linabaki miezi sita likiwa halimo kwenye hesabu yoyote. Dawa isiyo kwenye hesabu ni yatima, kila mtu anaweza kuichukua. Salio linashuka siku ya kuteketeza, na si kabla.

Kisha andikeni maombi kwenda ofisi ya kanda ya TMDA, yakisainiwa na mganga mfawidhi. Ambatanisha orodha: jina la dawa na jina la kibiashara, nguvu, ni ampuli au kidonge au maji, ukubwa wa kifungashio, idadi, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na thamani yake kwa shilingi. Chupa ya mofini iliyorudishwa iorodheshe kipekee, na iandikwe hivyo. Mkaguzi atakuja au ataelekeza, atahakiki orodha dhidi ya dawa zenyewe, na ndiye atakayesema zitateketezwa wapi, kwa njia gani, mbele ya nani. Mara nyingi hukaa hapo na askari polisi na afisa afya au wa mazingira. Mwishoni mnasaini fomu na mnapata hati. Namba ya hati hiyo ndiyo unayoiandika kwenye mstari wa kutoa.

Sasa kwa nini si sinki? Kwanza, sinki halitoi ushahidi. Ukimwaga ampuli 14 au ukimwaga 4, maji yanaondoka na kimya kilekile. Pili, maji yale yanakwenda kwenye karo, na hospitali nyingi za misheni zina kisima ndani ya uzio uleule. Na kwa nini si shimo? Shimo la nyuma ya wodi likiwashwa kwa kuni na mafuta ya taa halifiki joto la kuvunja dawa. Linachoma maboksi na kupika vidonge, na moshi wake unaingia wodi ya wazazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 kuhusu uteketezaji wa dawa unataka angalau nyuzi 850 katika tanuri lenye vyumba viwili. Vichomea taka vya matofali tulivyojengewa kwenye vituo vingi ni vizuri kwa sindano na pamba, lakini kwa dawa nisingeviamini bila kipimajoto. Ampuli ndizo mbaya zaidi: zikitupwa motoni hupasuka kama risasi, na kioo kikiyeyuka huziba wavu wa tanuri. Mimi nimemwona kijana wa usafi akitolewa vigae vya kioo kwenye paji la uso. Jicho lilinusurika kwa nusu inchi.

Moto wa kuaminika ni wa kiwanda cha saruji. Tanuri linalopika klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, hufikia nyuzi 1,450, na hakuna kidonge kinachobaki kidonge huko. Ndiyo maana umesikia dawa za kulevya zilizokamatwa Dar es Salaam zikipelekwa kiwanda cha saruji cha Wazo. Lakini kwa ampuli 14 na kopo moja hamtakodi gari hadi huko peke yenu. Pengine mkaguzi ataziunganisha na mzigo wa hospitali nyingine.

Njia nyingine ambayo mkaguzi anaweza kuikubali kwa kiasi kidogo kama chenu ni kuzigeuza zege, kwa kipimo cha mwongozo huohuo wa 1999. Vidonge hutolewa kwenye makopo na karatasi zake, vikasagwa, vikachanganywa na chokaa, saruji na maji: kwa uzito, sehemu 65 za dawa, 15 za chokaa, 15 za saruji na 5 za maji. Yaani kilo sita na nusu za dawa zitataka kilo moja na nusu ya chokaa, moja na nusu ya saruji, na nusu lita ya maji. Uji ule ukikauka unakuwa jiwe ambalo hata mwizi mwenye subira halimfai. Ampuli huvunjwa ndani ya ndoo ya chuma kwa nyundo, mkiwa na miwani, glovu, barakoa na viatu vya kufunika mguu. Jiwe likikauka linakwenda dampo la halmashauri. Kuna sababu ya kusema jiwe: madampo yetu yana watu wanaoishi kwa kuokota, na boksi zima la diazepamu litakuwa limeuzwa kabla ya jua kuzama.

Siku yenyewe hesabuni upya mbele ya mkaguzi kabla hata ya kufungua boksi. Zikipungua hapo, simamisheni kila kitu. Zikitimia, kila shahidi abaki hadi mwisho. Namaanisha hadi mwisho. Nimehudhuria uteketezaji ambao mashahidi watatu walisaini saa nne asubuhi, wakaenda kunywa chai, na kazi ikafanywa saa nane na mhudumu mmoja na ndoo yake. Fomu ilikuwa safi kabisa.

Kuna uharibifu mwingine ambao hukuuliza, unaotokea kila siku wodini kwenu, na kwa idadi unaweza kushinda hizo ampuli 14. Ampuli ya pethidini ya miligramu 100 ina mililita mbili. Daktari ameandika 75. Muuguzi anavuta mililita moja na nusu, nusu mililita inabaki, ambayo ni miligramu 25. Inakwenda wapi? Haiwekwi kwenye sindano ya kumsubiri mgonjwa wa kitanda cha pili. Inamwagwa palepale kwenye pamba au mchanga, inatupwa ndani ya boksi la taka hatarishi mbele ya muuguzi wa pili, na mstari unaandikwa "imetolewa 75, imeharibiwa 25", sahihi mbili. Wodi isiyo na mabaki hata mara moja kwa mwezi mzima ina wagonjwa wa ajabu sana, wote wenye uzito unaolingana na ampuli. Ukiona hivyo, kapige soga huko wakati wa zamu ya usiku.

Mofini ya maji nayo haitakupa hesabu kamili, usishtuke. Kila unapopima, matone hubaki kwenye kipimo na shingo ya chupa. Pima kilichobaki kila chupa inapokaribia kuisha, andika tofauti ilivyo, na uone kama kwa miezi inakwenda kwa mwendo uleule. Tofauti ndogo inayojirudia ni ya kipimo. Tofauti inayokua kila anapokuwa zamu mtu fulani si ya kipimo.

Lakini nisikutie hofu ukafunga kabati moja kwa moja. Nimeona wafamasia waliogopa ukaguzi hadi wakaacha kuagiza mofini, na mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akamaliza siku zake kwa paracetamol. Majirani zetu Uganda tangu 2004 wamewaruhusu hata wauguzi waliofunzwa huduma shufaa, ile ya kumpunguzia maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini ya kunywa, wakati sisi wengine bado tulikuwa tunabishana nani ashike ufunguo. Mofini imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanaitumia kila siku. Rejista iliyonyooka ndiyo inayokupa ubavu wa kuagiza nyingine.

Kuhusu mganga mfawidhi, usibishane naye kwa mdomo. Mkubwa haambiwi "hapana" mbele ya watu. Mpelekee barua ya maombi kwenda TMDA ikiwa imeshachapwa, inasubiri sahihi yake tu, pamoja na karatasi ya hesabu yenye pungufu la mbili. Mwambie, "Daktari, mkaguzi akija atauliza shahidi alikuwa nani, nami sina jibu." Wengi wanaosema "mwageni" ni watu waliochoka, si wezi, na wakipewa njia iliyo tayari huisaini.

Na funguo. Umesema ulikabidhiwa "funguo". Kama ni zote mbili, mpe mmoja muuguzi mfawidhi kesho asubuhi, kwa kuandikishana, na kama kabati lina kufuli moja tu, mwombe fundi aongeze la pili. Ule msumari wa nyuma ya mlango wa stoo ambako funguo huning'inizwa, nadhani unaujua, ung'oe.